Gikomba ya mboga: Msimu ulivyoingia katika sahani ya baba

Ukimwambia mkazi wa Nairobi kwamba unaelekea Gikomba, atadhani unakwenda kutafuta koti, viatu au mapazia. Si ajabu. Soko hilo lililo kati ya Pumwani na Mto Nairobi limejipatia sifa kwa mitumba, na magazetini halitajwi sana ila moto unapozuka, kama ule wa usiku wa kuamkia Juni 28, 2018 uliowaua watu 15. Lakini kuna Gikomba nyingine ambayo huamka kabla ya ile ya nguo, na ambayo hulisha Shauri Moyo, Kaloleni, Majengo na Jericho bila kupigiwa tarumbeta na mtu yeyote. Hiyo ni Gikomba ya mboga, samaki na viazi vitamu.

Fika huko alfajiri, giza likiwa bado halijaondoka. Utawakuta kina mama wamefunga leso viunoni wakisubiri magunia ya managu na saga yaliyosafiri usiku kucha kutoka Kisii na sehemu nyingine za magharibi mwa nchi. Gunia likiteremshwa, mnunuzi mzoefu hababaishwi na yale majani ya juu yaliyonyunyiziwa maji. Hutia mkono hadi katikati. Pakiwa na joto kama la uji uliopoa, ataomba kupunguziwa bei au ataondoka, kwa sababu majani yaliyokatwa huendelea kupumua, na yakibanwa pamoja hujipika yenyewe. Wataalamu wa lishe watakueleza kwamba joto na muda ndio wezi wakubwa wa vitamini C. Mama wa Gikomba hana haja na jina la vitamini; mkono wake unamtosha.

Mimi nilianza kwenda huko kwa ajili ya baba yangu.

Mzee huyu aliingia Nairobi mwaka 1974 akitokea Kakamega, akafanya kazi ghalani katika Eneo la Viwanda hadi alipostaafu. Kwake yeye ugali mweupe wa unga wa pakiti, mkate wa dukani na chai iliyokolea sukari vilikuwa ushahidi kwamba safari yake haikuwa ya bure. Miaka miwili iliyopita aliambiwa ana kisukari. Katika kliniki alipewa vidonge, pamoja na karatasi yenye orodha ya vyakula anavyofaa kula: brokoli, shayiri ya kopo, samoni, mafuta ya zeituni. Aliisoma polepole, akavua miwani, akanikabidhi.

"Mama," akaniambia, maana nimerithi jina la mama yake na hajawahi kuniita vinginevyo, "hebu niulizie, hivi vitu huuzwa upande gani wa Jogoo Road?"

Karatasi ile haikuwa ya uongo. Iliandikwa tu kwa ajili ya mtu mwingine, aishiye kwingine. Nikaona afadhali niitafsiri, si kwa kamusi bali kwa kikapu. Palipoandikwa brokoli nikaweka saga, ambayo Wakisii huiita chinsaga, Wajaluo dek, na watu wa Pwani mgagani. Palipoandikwa samoni nikaweka omena. Shayiri ikawa uji wa wimbi usiotiwa sukari. Nilifurahi sana na kazi yangu, mpaka nilipompelekea baba sahani ya kwanza ya managu.

"Sikuja Nairobi kula magugu," akasema, na kuisukuma kando.

Msomaji, usimcheke mzee. Neno hilo hakulibuni yeye. Kwa miaka mingi maafisa wa kilimo waliwafundisha wakulima kuing'oa mimea hii shambani ili kupisha kabichi na sukumawiki, mboga ambazo zenyewe zilikuja na Wazungu. Mtoto aliyebeba mboga za kienyeji shuleni alichekwa. Ilipita miaka mingi kabla ya wasomi wetu kuigeuza hadithi hiyo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyezitafiti mboga hizi katika Chuo Kikuu cha Maseno na baadaye kile cha Jomo Kenyatta kule Juja, amesimulia kwamba utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, akakuzwa kwa mboga za majani. Mwaka 2014 alitunukiwa Nishani ya Edinburgh. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya nayo yalichapisha mwaka 1999 kitabu kizima kuhusu mimea ya chakula cha kiasili, na mwaka 2021 shirika la UNESCO likaziweka juhudi za Kenya za kufufua vyakula hivyo, zilizoanza mwaka 2007, katika orodha yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi turathi. Ndiyo kusema yale magugu yamefika Paris kabla ya kurudi mezani kwetu.

Na kuna sababu. Terere, saga, kunde na managu huishinda kabichi kwa mbali katika vitamini A, chuma na kalisi. Zina nyuzinyuzi pia, ambazo huifanya sukari ya ugali iingie katika damu polepole badala ya kumiminika kwa ghafla. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 94 ya Wakenya waliohojiwa hawakufikia sehemu tano za mboga na matunda kwa siku, ambazo ndizo sawa na gramu hizo. Na hii ni nchi ambayo mboga humea hata kando ya reli!

Hapa lazima niseme jambo ambalo wauzaji wengine hawatalipenda. Utasikia Gikomba kwamba uchungu wa managu "hufukuza sukari" na kwamba mgonjwa akiyala mwezi mmoja atatupa vidonge. La hasha. Mboga chungu si dawa ya kisukari, na anayeacha dawa za daktari kwa ajili ya fungu la majani anacheza na macho yake, figo zake na miguu yake. Kilichomsaidia baba, kwa maoni yangu, si uchungu. Ni hesabu ya sahani: zamani ugali ulikuwa mlima na mboga ikawa kijito, sasa mboga imechukua nusu ya sahani, ugali umebaki robo, na robo iliyosalia ni ya samaki au maharagwe.

Tukija kwenye samaki, Gikomba ni chuo. Huko kuna ngege, mbuta na omena kutoka Ziwa Victoria, na kuna pia mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa ya mbuta baada ya viwanda kuondoa minofu ya kuuza ng'ambo. Watu wengi husema kwa uchungu kwamba Mzungu anakula samaki na sisi tunakula mifupa, na siwezi kuwabishia. Lakini omena hana mwenye kumnyang'anya mtu. Huliwa mzima, mifupa na vyote, na ndiyo maana humpa mlaji kalisi ambayo minofu haina. Chagua wanaong'aa kama fedha. Waliogeuka rangi ya kahawia huwa wachungu na wamekaa sana. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili kuondoa mchanga. Samaki mbichi naye mtazame machoni, kisha mfunue matamvua. Yakiwa mekundu, lipa. Yakiwa ya kijivu, msalimie muuzaji uende zako.

Ubichi peke yake haukuhakikishii usalama. Kando ya Mto Nairobi kuna watu wanaolima sukumawiki na terere kwa maji taka, na mboga hizo huwa za kijani kibichi cha kupendeza hata wakati wa kiangazi. Madini kama risasi yakishapanda kutoka udongoni hadi ndani ya jani, hakuna kuosha kunakoyaondoa. Kwa hiyo mimi huuliza mboga imetoka wapi, na hununua kwa mama mmoja ambaye gunia lake nimeliona likishuka kutoka kwa lori. Mwanzoni aliniona mwenye maneno mengi. Siku hizi akiniona tu hutangulia kusema, "Mwanangu, hii ni ya Nyamira, weka kikapu."

Vivyo hivyo kwa nafaka. Unga wa mashine ya posho, uliosagwa na pumba na kiini chake, una vitamini na nyuzinyuzi ambazo unga mweupe uliokobolewa umepoteza, hata kama tangu mwaka 2012 sheria inavitaka viwanda virudishe baadhi ya virutubishi katika unga wa pakiti. Lakini mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 katika sehemu za Ukambani, na wengi wao walikula mahindi yao wenyewe ya nyumbani. Tazama punje kabla ya kusaga. Punje iliyobadilika rangi au inayonuka uvundo haifai kwa mtu wala kwa kuku. Na saga gorogoro moja au mbili tu kwa wakati, kwani mafuta ya kiini huufanya unga huo uharibike upesi.

Jambo la msimu nilijifunza kwa mfuko wangu kabla ya kulisoma popote. Mvua ndefu zikishika mwezi wa Aprili, managu na terere hujaa Gikomba hadi wauzaji wanakuongezea mkono mzima bila kuombwa. Januari na Februari jua likiwaka, fungu hupungua nusu na bei hukaa pale pale. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo ya maembe kutoka Ukambani na Murang'a. Maparachichi hufuata kuanzia Machi, na machenza hujitokeza katikati ya mwaka, baridi inapotuingia na mafua nayo. Chakula cha msimu hakijakaa ghalani wala hakikuvunwa kibichi kikaivishwa kwa kemikali, na kwa kawaida ndicho kilicho rahisi. Mwenye kipato cha Eastlands akiufuata msimu atakula vizuri kuliko tajiri anayetafuta maembe mwezi wa Septemba. Kiangazi kikizidi, kuna majani ya kunde yaliyokaushwa juani, ambayo nyanya zetu waliyaweka akiba zamani.

Sitaki kudanganya kwamba haya yote ni mepesi. Anayetoka kazini saa kumi na mbili, akakwama Landhies Road, akafika nyumbani saa mbili usiku, ataketi saa ngapi kuchambua managu jani moja moja? Na saga iliyochemshwa kwa njia ya zamani hula makaa kama garimoshi. Nimepata njia zangu. Huchambua Jumamosi mbele ya televisheni, watoto wakisaidia na kulalamika. Huosha mboga kabla ya kukata, si baada. Siyamwagi maji ya kuchemshia, maana nusu ya uzuri huenda na maji hayo. Badala yake huchanganya managu na terere ili uchungu upungue, au humimina maziwa kidogo. Kijiko cha mafuta ni lazima, kwani vitamini A haiingii mwilini bila mafuta. Chai nimeihamisha, hatuinywi pamoja na chakula tena bali saa moja baadaye, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Badala yake tunakula chungwa, ambalo hufanya kazi ya kinyume.

Baba alilainika siku ya mrenda. Niliupika pamoja na kunde, na alipousikia ukivutika kutoka kwenye mwiko akainua kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Aliuliza kama nimetia mushereka, ile chumvi ya majivu ambayo mama yake alikuwa akiichuja. Sikutia, magadi na majivu hulainisha mboga lakini huharibu vitamini. Akasema basi huo si mrenda kamili. Akaumaliza, akakomba sufuria.

Tangu hapo tumefanya mapatano. Siku sita ugali ni wa unga wa posho uliochanganywa na wimbi, Jumapili anapata ule mweupe wake, kipande kimoja cha ukubwa wa ngumi. Vidonge anameza kama kawaida. Kipimo chake cha sukari kimeshuka, si sana, lakini muuguzi aliuliza anakula nini, na baba akamtajia majina ya mboga kwa Kiluhya, moja baada ya nyingine, huku yule binti akijaribu kuyaandika. Wiki iliyopita alinirudisha Gikomba na fungu zima la saga. Alisema limevunwa likiwa limeshatoa maua, na nimwambie yule mama wa Nyamira asirudie.