Kabla Bendi Haijaonekana kwa Macho

Juzi mpwa wangu aliizungusha nobu kubwa ya ile Yaesu FT-101 iliyo kabatini kwangu, akauliza, "Mjomba, hii ndiyo ya sauti?" Kijana ana leseni ya redio za ridhaa, ana jina lake la hewani linaloanza na 5Z4, na hajawahi kutafuta stesheni kwa mkono.

Zamani ukitaka vifaa ulishuka Luthuli Avenue, Nairobi. Palikuwa na duka jembamba la mzee tuliyemwita Bhai tu. Nyuma ya kaunta ilipangwa mikebe ya maziwa ya unga iliyojaa rezista na kapasita, kila mkebe na alama aliyoielewa mwenyewe. Mle ndani kulinuka lehemu, vumbi lililoungua juu ya valvu, na chai ya tangawizi. Ukimpelekea valvu unayoishuku, aliichomeka kwenye redio yake kuukuu, akaigonga kwa ncha ya penseli huku ametega sikio kwenye spika, kisha akatoa hukumu. Waya wa antena aliupimia ufito wa shaba uliopigiliwa kwenye kaunta: futi 33 kwa bendi ya mita 20, halafu anaongeza shubiri. "Hiyo ya kufungia, haina bei." Leseni hakuwa nayo, ila hukutoka dukani kabla hajauliza, "Jana umepata wapi?" Ukisema Japani, bei inashuka. Ukisema Mombasa, unalipa kamili.

Nilianza lini kwenda kwake? Daftari langu la mawasiliano linasema 1981, stakabadhi ya valvu inasema 1980. Iwe iwavyo.

Kujua kama njia imefunguka, tulisikiliza megahezi 14.100. Huko vinara vya dunia hupokezana zamu. Tangu miaka ya tisini viko 18, kila kimoja sekunde 10, na duru hurudi baada ya dakika 3. Kinara hutaja jina lake kwa Morse, kisha hupiga milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, unaofuata 10, halafu 1, wa mwisho sehemu ya kumi ya wati. Chetu ni 5Z4B, lakini mimi nilikuwa nikimvizia OH2B wa Finland. Jioni ya bahati ule mlio wa wati moja ulichomoza katikati ya mvumo, nami nikanyamazisha nyumba nzima.

Mwaka 2002 Mmarekani Gerald Youngblood alianza kueleza katika jarida la QEX redio ambayo kazi yake kubwa inafanywa na programu. Tulisoma, tukacheka. Mwaka 2012 ikajulikana kwamba kidude cha USB cha kutazamia televisheni, chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kuipa kompyuta mawimbi yakiwa namba tupu. Mwaka 2016 ikaja Icom IC-7300, inayogeuza mawimbi kuwa namba mara tu yanapotoka kwenye antena. Kuchuja na kutoa sauti kunabaki hesabu. Nikainunua. Chujio la kristali ambalo Bhai aliliuza kwa bei ya mbuzi, sasa nalibana kwa kidole. Bendi nzima iko kiooni, hata uchafu wa chaja ya jirani unaonekana kama mstari. Na kioo humwona OH2B kabla ya sikio langu.

Kinachoniudhi ni kwamba vijana wakitazama kioo wakakuta kitupu, wanazima. Halafu 2017 ikaja FT8, kompyuta kwa kompyuta, zamu za sekunde 15. Mmoja wa walioileta ni Joe Taylor, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1993. Siwezi kubishana naye, ila kununa ninaruhusiwa.

Bhai amefariki, na pale pake panauzwa kava za simu. Sasa mpwa wangu anataka dishi langu la televisheni apokee QO-100, setilaiti iliyorushwa 2018, ambayo kwetu iko karibu na utosi na inasikika toka Brazil hadi Thailand. Dishi nimempa. Waya atafute mwenyewe, maana Luthuli ya leo ukiuliza waya wa redio unaonyeshwa wa televisheni, na ukibisha unaambiwa zote ni moja. Kwa dishi hili, bahati mbaya, muuzaji yuko sahihi.