Nyasi zinaingia, nyama inatoka

Wadau, leo tuiache siasa kidogo. Nataka tuzungumzie kukonda.

Kwetu huku Mara neno hilo si dogo. Ukisikia ng'ombe wa fulani wamekonda, ujue kuna mahari inayeyuka. Kwa Mkurya wa Tarime ng'ombe ndiye benki, ndiye ada ya shule, ndiye anayemwozesha kijana. Na ukisikia mtu amekonda, hapo ndipo mdomo wa kijiji unapofunguka: karogwa huyo... ana ule ugonjwa... Kila mtu anakuwa daktari, na mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kuulizwa.

Niliwahi kumuuliza mzee mmoja mnadani Mugumu, pale makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, anamtambuaje ng'ombe mwenye nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Akanitazama kama vile nimemuuliza mvua inatambulikaje. "Mura," akaniambia, "anakula lakini haendi mbele. Nyasi zinaingia, nyama inatoka."

Mzee yule hakujua kwamba swali hilo hilo lilimsumbua mwanasayansi wa Marekani, Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Miaka ya 1970 Cerami alivutiwa na ng'ombe wa Kenya waliokuwa wakiugua nagana. Kilichomshangaza ni hiki: ng'ombe amebaki mifupa, lakini ukipima damu yake vimelea ni wachache mno. Sasa nani anayemla ng'ombe huyu?

Alirudi maabara akaanza na sungura. Mwaka 1980, yeye na Carol Rouzer walieleza jinsi sungura walioambukizwa vimelea hao, trypanosoma, walivyokonda vibaya huku damu yao ikijaa mafuta. Yaani chakula kipo, mafuta yapo kwenye damu, lakini mwili umeshindwa kuyachukua na kuyaweka akiba. Cerami akahisi kuna kitu kinachotolewa na mwili wenyewe kinachozuia kazi hiyo. Akakiita kakektini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya hali mbaya.

Wakati huo, kundi jingine la New York lililoongozwa na Lloyd Old lilikuwa limeeleza tangu 1975 juu ya kitu kinachoua uvimbe wa saratani kwa panya. Wao walikiita TNF. Mwaka 1985 Bruce Beutler, akiwa katika maabara ya Cerami, alionyesha na wenzake kwamba kakektini na TNF ni kitu kimoja! Kinachopigana na saratani kwa panya ndicho kinachomkondesha sungura. (Beutler huyu ndiye aliyekuja kupata Nobel mwaka 2011 pamoja na wenzake wawili, kwa kazi yake nyingine juu ya kinga ya mwili.)

Sasa TNF ni nini hasa? Ni moja ya saitokini. Ndugu msomaji, usiogope jina. Saitokini ni wajumbe. Chembe za mwili, hasa zile za kinga, zinapokutana na adui hutoa protini ndogo ndogo za kupeleka habari kwa chembe nyingine: njooni huku, ongezeni joto, panueni mishipa, acheni kula, lala. Ile homa unayoisikia, ule uvimbe mwekundu kwenye kidonda, zile nguvu zinazokuishia, ile hamu ya chakula inayopotea, sehemu kubwa ni kazi ya wajumbe hawa. Adui ndiye aliyechokoza, lakini aliyepiga yowe ni mwili wenyewe.

Wakurya tunajua yowe. Ng'ombe wakiibwa, yowe likipigwa, wanaume wanatoka na mikuki na mapanga. Bila yowe kijiji kinafilisika usiku mmoja. Lakini yowe likipigwa miezi mitatu mfululizo, nani atalima? Nani atalala? Mazao yatakanyagwa na vijana wenyewe waliotoka kuyalinda. Hivyo ndivyo ilivyo nagana, na hivyo ndivyo ilivyo kifua kikuu, UKIMWI na saratani nyingi. Saitokini zilizopaswa kuita msaada kwa muda mfupi zinaendelea kuita, na mwili unaanza kujila.

Binadamu naye hajaachwa. Mbung'o wa Serengeti hubeba pia kimelea cha malale, na wanyama kama nyati na pongo huwa hifadhi yake. Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka ng'ambo walirudi kwao na malale baada ya kutembelea Serengeti na Tarangire, na dunia ikashtuka. Malale ya upande wetu wa Afrika yasipotibiwa huua ndani ya miezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwalinganisha wagonjwa wa Uganda na wa Malawi: ukali wa ugonjwa ulitofautiana, na hata saitokini katika damu zao zilitofautiana. Kwa maneno mengine, haitoshi kuuliza ni kimelea gani kimeingia. Inabidi uulize pia mwili umejibu vipi.

Je, basi tuwanyamazishe wajumbe hawa? Wenzetu wamejaribu. Kutokana na utafiti wa TNF zimepatikana dawa za kuizuia, na mwaka 1998 mbili kati yake, infliximab na etanercept, ziliidhinishwa Marekani. Watu wenye baridi yabisi kali, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe, walianza kufungua vifungo vya mashati yao tena. Lakini mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba baadhi ya waliotumia infliximab waliibukiwa na kifua kikuu kilichokuwa kimelala mwilini. Kumbe TNF ndiyo iliyokuwa mlinzi wa lango! Ukimfunga mdomo mpiga yowe, uhakikishe kwanza kwamba mwizi hayumo ndani.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Muhimu, ndiyo. Lakini mama wa Nyamwaga ambaye vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi atazipatia wapi, na kwa bei gani? Fumbo lilianzia kwa ng'ombe wa Afrika Mashariki, jibu likapatikana New York, na bado halijafika alikotoka ng'ombe.

Upande wa malale kuna nafuu kidogo. Kwa miaka mingi aliyefikiwa na vimelea kwenye ubongo alitibiwa kwa melasoprol, dawa yenye arseniki ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya huku kwetu, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Vidonge! Hiyo ni habari ya kutangazwa mnadani kwa kipaza sauti.

Dawa za wakubwa zina safari yake. Ila kuna jambo ambalo halihitaji fedha wala maabara ya New York. Kukonda si hukumu, wala si ushahidi wa uchawi au wa tabia ya mtu. Ni dalili kwamba ndani ya mwili huo kuna vita, na vita ina sababu zaidi ya moja: malale, kifua kikuu, VVU, saratani, kisukari. Nyingi zinapimika, kadhaa zinapona kabisa, na VVU mtu anaishi navyo miaka mingi kwa dawa. Ng'ombe akikonda tunakimbia kumwita bwana mifugo siku hiyo hiyo. Jirani akikonda tunakaa kibarazani tunamjadili mpaka anakufa.

Tafakari, halafu mpeleke jirani yako akapime.