Bunduki inayocheza: kuna faida kuikaza?

Mwaka 2024, wakati kambi za pembeni ya Goma zilikuwa bado zimejaa watu, nilipeleka chukudu ya jirani kwa fundi. Gurudumu la mbele lilikuwa linacheza. Atelie ya fundi ilikuwa kando ya barabara ya Sake, chini ya bashi. Nikiwa nangoja, akafika kijana mmoja niliyemfahamu toka kambini. Alibeba gunia, na ndani ya gunia kulikuwa na Kalashnikov.

"Papa fundi," akasema, "hii kitu inacheza. Ukiitikisa inalia kama kopo lenye mawe. Nataka uikaze."

Jina lake silitaji, wala la fundi, wala la kundi alilokuwa nalo. Wasikilizaji wetu wanajua sababu.

Fundi hakuigusa. Aliuliza kwanza kama haina risasi, kisha akamwambia ailaze chini, mdomo uelekee ukuta wa mawe ya volkano. Mzee huyu alikuwa askari wakati wa Mobutu, mpaka jeshi lile lilipoanguka mwaka 1997. Bunduki anazijua kuliko mimi ninavyojua kalamu.

Akamweleza hivi. Zamani walibeba FAL, bunduki ya Wabelgiji. Mwili wake una sehemu mbili zilizounganishwa, ya juu na ya chini. Mtutu umefungwa kwenye ile ya juu, lakini kidude cha kulengea cha nyuma kiko kwenye ile ya chini. Basi sehemu hizo zikianza kucheza, jicho linaona huku na risasi inaenda kule. Hiyo, kuikaza kulikuwa na maana. Kalashnikov ni kitu kingine. Vidude vyake vyote viwili vya kulengea viko upande wa mtutu. Kinacholia ni kifuniko cha juu na vyuma vya ndani, na vimeachiwa nafasi kusudi, ili mchanga na matope visiikwamishe.

"Nikiikaza sana itakwama," akasema. "Nikiikaza kidogo, hakuna kitakachobadilika ila kelele."

Nilidhani maneno yameisha. Lakini kijana hakuondoka. Akasema dada yake mdogo alipigwa na risasi iliyopotea. Ilipita kwenye bashi usiku, ikamwingia kwenye paja akiwa amelala.

"Mimi nikipiga, nataka iende ninapotaka tu. Sitaki kuumiza mtoto wa mtu."

Ndugu zangu, hapo nilikosa la kusema. Nilikuwa nimeshamhukumu moyoni, kumbe alikuja na jambo la haki.

Fundi alikaa kimya, kisha akamjibu polepole: "Mwanangu, ile risasi ya dada yako, si ulegevu wa bunduki ulioipoteza. Mtu alipiga gizani akifuata sauti, ao alipiga juu kwa furaha ao kwa pombe. Ukishika Kalashnikov ukaachia risasi nyingi kwa pamoja, inaruka mkononi hata ikiwa mpya. Na risasi iliyokosa haisimami pale. Inapita kilometa nzima na zaidi, inapita mbao, inapita bashi. Unataka nikaze chuma, na kilicholegea ni mkono."

Tangu siku ile nimewaza sana. Chukudu ikilegea bila kutengenezwa, inakufa. Bunduki hii ikilegea, inaendelea kuua. Iliingia katika jeshi la Urusi ya Kisovieti mwaka 1949, na hapa kwetu zipo zilizopita mikono ya baba na sasa ziko kwa mtoto. Aliyeitengeneza, Mikhail Kalashnikov, kabla ya kufa mwaka 2013 alimwandikia mkuu wa Kanisa la Orthodox la Urusi akiuliza kama vifo vya watu viko juu yake. Kama yeye alijiuliza, na sisi tujiulize.

Kwangu jibu ni hapana, haina faida. Lakini sitaki kudanganya: kijana angeniuliza nani atalinda nyumba yao akiiweka chini, sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Hata leo natafuta.

Ninalojua ni dogo, nalisema kwa familia zinazorudi mashambani. Ukikuta bunduki, risasi ao bomu kwenye migomba, usiiguse, usiigonge, usimpe fundi aichunguze. Weka alama mbali kidogo, zuia watoto, mwambie chifu wa kijiji ao wa avenyu. Na wewe unayepiga juu siku ya sherehe, kumbuka kwamba risasi inashuka.

Fundi alikaza gurudumu langu, nikalipa. Kijana alirudisha bunduki kwenye gunia akaenda, haikukazwa. Sijamwona tena.

Dada yake nilimwona wiki hii kwenye bomba la maji, na bidoni ya lita 20 mgongoni. Bado anachechemea. Aliniuliza kama nina habari ya kaka yake. Nikamwambia sina.