Faida ya Kufuatisha Picha

Wako watu wasemao kwamba kufuatisha picha ya mtu mwingine si kazi ya mwenye akili. Mwalimu mwenzangu wa Ruangwa, alipopata habari kwamba najifunza rangi za mafuta kwa njia hiyo, aliniambia, “Mwiga tembo hupasuka msamba.” Neno lake ni zito, nami napenda kulijibu, maana latugusa walimu wote.

Picha niliyoifuatisha ni ya alizeti 15 katika chombo mezani, aliyoichora Vincent van Gogh, Mholanzi, katika mji wa Arles, nchi ya Ufaransa, mwezi wa Agosti 1888. Alikuwa mmoja wa wachoraji waliotokea baada ya wale waitwao Impreshonisti. Picha yenyewe iko London; mimi hapa Nachingwea ninayo chapa ya karatasi tu. Naliigawa chapa kwa miraba midogo, nikaugawa ubao kwa miraba mikubwa, kisha nikahamisha mistari kwa makaa, mraba kwa mraba.

Mistari si kitu. Kazi i katika rangi. Ukiitazama picha ile kwa haraka utasema yote ni manjano: maua, chombo, meza, hata ukuta. Lakini ukishika brashi huna budi kuuliza: manjano ipi? Hii yaelekea limau, ile yaelekea udongo, na ya tatu ina kijani ndani yake. Macho hutazama mengi. Mkono ndio huyalazimisha kuona.

Kadhalika rangi za mafuta zina sheria zake. Hazikauki kama nguo iliyofuliwa, bali mafuta ya kitani hushikana na hewa na kuwa magumu polepole, siku baada ya siku. Kwa hiyo tabaka la chini hutiwa mafuta machache, na la juu zaidi. Ukiugeuza utaratibu huo, picha yaweza kupasuka.

Tena Van Gogh mwenyewe alifuatisha. Januari 1889 alizichora upya alizeti zake. Na alipokuwa hospitalini Saint-Rémy alizifuatisha picha za Mfaransa Millet kwa chapa zisizo na rangi, akazitia rangi alizozichagua mwenyewe. Na kusini huku kwetu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972, aliwaachia jamaa zake namna ya kuchora waliyoipokea kwa kukaa karibu naye na kuufuata mkono wake. Hata leo wako wapatao riziki kwa kazi ile.

Lakini rafiki yangu hakukosa yote. Wataalamu wamegundua kwamba baadhi ya manjano alizozitumia Van Gogh zimegeuka kwa mwanga na kwa miaka, zikaelekea kahawia. Basi mwenye kufuatisha hufuatisha hata uchakavu, ilhali alizeti zenyewe huchanua upya kila msimu. Aachaye kuyaangalia maua kwa sababu anayo picha, huyo ndiye mwiga tembo.

Kwa hiyo kazi ilipokwisha naliigeuza chapa ikaelekea ukutani, nikaleta tawi la mkorosho lenye maua, nikalitia katika chungu. Maua yale ni madogo, meupe yenye michirizi ya waridi, wala hapakuwa na mraba wa kuniongoza. Picha hii ya pili ni duni kuliko ya kwanza. Lakini kila aingiaye nyumbani mwangu huyatambua maua yake, na wengine huniuliza ni mkorosho wa shamba gani.

Walimu wenzangu, nasi twawafundisha watoto kwa kufuatisha: herufi, hesabu, hata namna ya kushika kalamu. Tusione haya. Ila kila somo lina siku yake ya kuufuta ubao na kusema, “Sasa andikeni yenu.” Mwalimu asiyeufuta ubao amewanyima watoto nusu ya elimu.