Mkwiro: Mahali pa Kujifunzia Upepo

Msomaji, ukivuka Likoni na kushika barabara ya Lunga Lunga, utapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, kisha utakata kushoto kuelekea Shimoni. Hapo panda mashua hadi Mkwiro, kijiji kilicho mashariki ya kisiwa cha Wasini.

Kisiwa hiki ni mawe ya matumbawe, hakina mto. Kwa miaka mingi wenyeji walikinga maji ya mvua mapaani na kuyahifadhi. Anayekunywa maji ya paa lake hana budi kujua upepo umeangusha nini juu yake.

Kama kilomita 30 kaskazini, huko Nguluku, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye madini katika machimbo ya wazi tangu 2013 hadi mwisho wa 2024. Je, vumbi la mgodi kama huo hupimwaje?

Njia nyepesi ni chombo mfano wa ndoo, kinachowekwa juu ya mlingoti kwa siku 30. Kilichoanguka ndani hukaushwa na kupimwa kwa mizani. Lakini ndoo hunasa hasa chembe nzito, zile zinazochafua nguo kambani na majani ya mihogo. Vumbi linalopenya mapafuni ni laini, jembamba kuliko unywele. Hilo hunaswa kwa pampu inayovuta hewa kupitia karatasi ya kuchujia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri vumbi hilo lisizidi mikrogramu 45 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 24.

Hapa ndipo Mkwiro inapokufunza. Wakati wa kusi, vumbi la Nguluku huelekea kaskazini. Chombo kikiwekwa Mkwiro kitanasa hewa ya bahari na chumvi yake. Kaskazi ikiingia, vumbi hugeuka, tena ardhi imekauka. Mabaharia huita upande upepo unakotoka joshini, na unakokwenda demani. Mpimaji naye huweka chombo kimoja joshini mwa mgodi, kingine demani. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo humwonyesha vumbi la mgodi wenyewe.

Basi ukisomewa tarakimu ya vumbi, iwe ya mchanga wa Kwale au ya makaa ya mawe kwingineko, uliza: ilipimwa wapi, mwezi gani, na upepo ulikuwa upi? Kipimo cha masika pekee hakitoshi, kwani udongo uliolowa haupeperuki.