Miguu ya mbele ya pikapu yetu



Ndugu wasomaji, wazee wetu, kina mama na vijana wanafunzi, tumeulizwa mara nyingi kwa nini pikapu yetu ilikaa juu ya magogo siku kumi na moja hapa Cyanzarwe, tena wakati wa mavuno ya viazi, ambapo kila mwenye chombo anakimbiza mzigo Gisenyi. Wengine walidhani injini imekufa. Injini ilikuwa nzima, alhamdulillah. Kilichotuweka chini ni miguu ya mbele, na zaidi ya hiyo miguu ni mabishano ya kifamilia, ambayo tumepewa ruhusa na wahusika kuyaeleza.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, ya dizeli, kabini mbili, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ni mali ya nyumba tatu: ya kwetu, ya mzee wetu, na ya shemeji yetu. Inabeba viazi, vitunguu na karoti, na mchana inarudi na watoto wa nyumba zote tatu waliobanana kwenye kiti cha nyuma. Njia zetu mnazijua. Ardhi hii ni ya volkano, na mawe yake meusi, amakoro, yana makali kama vigae vya chupa. Kutoka huku juu tunashuka kuelekea ziwa Kivu, ambalo liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kushuka huko uzito wote wa gari unalalia mbele kila mguu unapogusa breki.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Kwanza tairi la kushoto likalika upande wa ndani. Kisha kila tukifunga breki tunasikia "ko!" chini ya miguu ya dereva. Shemeji akasema ni karoseri kuukuu inalia. Mzee, aliyekuwa dereva wa lori miaka mingi, akasema karoseri hailii kwa mdundo mmoja.

Tukamwita fundi. Hapa tuwaeleze wanafunzi jambo moja ambalo wengi hawalijui: gari la aina hii likipandishwa kwa kriki iliyowekwa chini ya chesisi, linakudanganya. Mkono wa chini unaning'inia, springi inausukuma hadi ufike kikomo chake, rotile inabanwa, na ukitikisa gurudumu huoni kitu. Fundi aliweka kriki chini ya mkono wa chini wenyewe, karibu kabisa na gurudumu, akapitisha mtalimbo chini ya tairi na kuliinua polepole. Rotile ya chini ya kushoto ikacheza mbele ya macho yetu sote. Shemeji alinyamaza.

Labda tueleze maneno kwanza, maana wasomaji wetu wa Dar es Salaam na Mombasa wataona tunasema Kiswahili kingine. Huku Gisenyi sehemu za gari zina majina ya Kifaransa yaliyotiwa chumvi ya kwetu. Rotile ndiyo wenzetu huita bolijointi. Amortiseri ni shokapu. Silenbloki ni bushi ya mpira. Na ni Kiswahili hasa cha gereji. Wazee wa Kiislamu wa Rwanda walibanwa zamani katika shule na kazi za ofisi, wakaingia kwa wingi katika udereva, ufundi na biashara, ndiyo maana Kiswahili kilisikika chini ya magari ya Nyamirambo na Gisenyi miaka mingi kabla hakijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017.

Sasa, miguu ya mbele ya Hilux ya aina hii ina mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, na gurudumu limeshikwa kati yao kwa rotile mbili. Haina springi ya kujiviringa. Ina chuma kirefu cha mviringo kinachopita chini ya kabini kuelekea nyuma, mafundi wanakiita torsheni. Ncha moja imeshikwa kwenye chesisi, nyingine kwenye mkono wa chini. Gurudumu likipanda jiwe, chuma kinajisokota, kisha kinajirudisha. Kwa hiyo uzito wa mbele unapita katika mkono wa chini na rotile yake. Rotile hiyo ikichomoka njiani, gurudumu linalala nje, gari linaanguka upande huo, na usukani unabaki mkononi bila kazi. Fundi alituonyesha kwa kidole tu, hakuongeza maneno. Mama mmoja kati yetu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akaingia ndani.

Jioni ile tukakaa. Shemeji alikuwa na hoja, na si vizuri kumsimulia kana kwamba ni mtu mbaya. Fedha ya pamoja iliyokuwepo ilikuwa ya ada ya watoto wawili wa bweni, mmoja wao ni wake. Alisema tubadilishe rotile moja tu, gari lipite ukaguzi wa polisi, kisha tuliuze haraka tukanunue jingine. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Akamwuliza, "Mwanangu, atakayelinunua utamwambia kuhusu upande wa kulia?" Shemeji akajibu kwamba mnunuzi ana macho na ana fundi wake. Mzee akasema basi yeye fungu lake haliuzwi kwa namna hiyo, kwa sababu dini yetu haikutuachia nafasi ya kuficha kasoro ya bidhaa, na akanyanyuka kwenda kuswali Isha. Tulibaki tumekaa, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Kesho yake mzee aliuza fahali wake. Ada haikuguswa. Nyumba mbili zilizobaki tuliandika deni letu kwake, kwa tarehe na mashahidi.

Kazi yenyewe ndiyo ilikula siku. Kabla ya kulegeza chochote, fundi alipima kwa rula urefu wa boliti ya torsheni iliyotokeza, akaandika, na akachora alama ya rangi pale meno yanapoingiliana, kulia na kushoto. Vyuma hivi havibadilishani pande, na kila kimoja kina nguvu iliyofichwa, kwa hiyo hulegezwa kwanza taratibu kabla ya kugusa rotile. Vijana, msijaribu kinyume chake. Rotile iliyoshika kutu hakuipiga kwenye nyuzi za nati; aligonga pembeni mwa shimo lake kwa nyundo mbili kwa pamoja, na ikaachia yenyewe.

Vipuri vilituchelewesha siku nne. Duka moja lilituletea rotile "mpya". Mpira wake ulikuwa mpya kweli, na rangi nyeusi iling'aa. Fundi akashika pini yake kwa vidole viwili na kuizungusha: ikaenda bila ubishi wowote, wakati mpya huwa nzito. Akatuonyesha pia mikwaruzo ndani ya tundu la pini ya kuzuia nati. Ilikuwa kuukuu iliyooshwa. Tukairudisha, tukangoja nyingine.

Mwishowe tulibadilisha rotile zote nne, silenbloki za mikono yote, raba za vyuma vya kuvuta mbele (hizo ndizo zilizokuwa zikigonga tukifunga breki), amortiseri mbili, na ncha za usukani. Beringi za magurudumu zilifunguliwa, zikaoshwa, zikatiwa grisi mpya. Upande wa kulia haukuwa na kelele, lakini ulipofunguliwa, silenbloki yake ilitoka vipande vipande. Mtu anayebadilisha upande mmoja tu anatupa fedha yake, kwa sababu kile kilicholegea kinakitikisa kipya hadi nacho kilegee.

Jambo la mwisho ni dogo, na tumeliona likikosewa katika gereji nyingi. Silenbloki haizunguki kama beringi. Mpira wake umegandishwa kwenye vyuma vya ndani na nje, na hufanya kazi kwa kujisokota. Ukikaza boliti zake gari likiwa juu, miguu ikining'inia, basi siku utakayolishusha mpira utakuwa umesokotwa hata gari likiwa limesimama, na hautamaliza mavuno mawili. Fundi alizikaza kwa mkono tu, akaondoa magogo, tukalisukuma gari mbele na nyuma hatua chache, tukaruka juu ya bampa, ndipo akalala chini na kukaza kwa nguvu zote. Aliyemwangazia tochi ni shemeji, amelala kwenye mawe na kanzu yake.

Magurudumu tuliyanyoosha kwa kamba iliyovutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kiasi cha kutufikisha mjini tu, na huko yakapimwa kwa mashine. Lilipita ukaguzi. Baada ya wiki mbili tulizikagua nati zote tena. Moja ilikuwa imelegea robo mzunguko.

Deni la fahali bado. Tumelipa sehemu moja kati ya tatu, na shemeji ameomba sehemu yake ilipwe kwa viazi vya msimu ujao. Mzee amekubali, lakini anataka vipimwe kwenye mizani ya jirani, si ya kwetu.