Tulivyokwenda Unguja kumtazama Bi Kidude

Binti yangu ana miaka 12, bibi yake ana 74. Wakikaa sebule moja, mmoja anasikiliza singeli kwenye simu na mwingine anaomba kelele zipunguzwe asikie taarifa ya habari. Likizo ya Juni nilipowachukua wote wawili, pamoja na kaka mdogo wa miaka saba, kwenda Unguja kwa wifi yangu, sikuwa na mpango wa maana. Nilitaka watoto waogelee na mama abadilishe hewa.

Boti kutoka Dar es Salaam ni kama saa mbili. Mdogo alianza kutapika kabla ya nusu ya safari. Mzazi mwenzangu, kama unasafiri na mtoto, beba kanga ya ziada na ndimu, na asubuhi hiyo usimpe chai ya maziwa.

Wifi anakaa Jang'ombe. Mtalii akitaja mji wa Zanzibar huwa anamaanisha Mji Mkongwe, wenye vichochoro na milango ya nakshi. Jang'ombe iko upande wa pili, Ng'ambo. Jina hilo lilianza zamani, mkono wa bahari ulipokuwa ukizitenga pande hizo mbili. Siku hizi umefukiwa, unavuka barabara tu. Ng'ambo ndiko walikoishi watu wa kazi za mikono, wavuvi, wachukuzi, walioachwa huru kutoka utumwani na watoto wao. Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, alikuja mjini akakaa huko huko, kabla hajapanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Kwa hiyo taarab ya Kiswahili inayopigwa kwenye harusi zetu ilikulia mitaa kama hii, yenye vyumba vya kupanga na mabomba ya kugombania.

Jioni ya pili umeme ulitulia na wifi akatoa DVD ya zamani, imekwaruzika kama sahani ya mgahawani. Ilikuwa *As Old as My Tongue*, dokumentari ya Andy Jones ya mwaka 2006 kuhusu Bi Kidude. Jina hilo ni kama kusema "umri wangu ni sawa na wa ulimi wangu", kwa sababu mwaka aliozaliwa Fatuma binti Baraka haukuandikwa popote. Watu walikisia, naye aliwaacha wakisie.

Nilikuwa na wasiwasi. Bi Kidude hakuwa bibi wa kwenye vitabu vya shule. Alivuta sigara mbele ya kamera bila kujificha. Utotoni alitoroka chuoni, ukubwani akatoroka ndoa, akatembea pwani na bara akiimba. Binti yangu aliangua kicheko kuona bibi kizee mwembamba, pekupeku, anapuliza moshi. Akaniangalia aone nitasema nini. Sikusema kitu. Nilitaka kuona mama yangu atafanyaje, maana yeye ndiye mkali wa nyumba.

Mama alikuwa ameacha kumenya machungwa. Filamu inamfuata Bi Kidude nyumbani kwake na kwenye majukwaa ya Ulaya, watu wazima wa huko wanasimama kumpigia makofi. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, ambayo wanamuziki wa dunia nzima huiheshimu. Hayo mama hayakumgusa sana. Kilichomgusa ni ngoma. Alipoona ile mikono inapiga, akasema polepole, "Huyu ni somo."

Binti akauliza somo ni nani.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Bi Kidude alikuwa mwimbaji, lakini kabla ya majukwaa na baada yake alikuwa fundi wa unyago, anayemfunda msichana aliyevunja ungo. Mwanangu yuko kwenye mlango huo huo, na mimi kwa miezi mingi nilikuwa nasema nitaongea naye wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika. Nimesoma, nina simu, naandika kwenye gazeti, na mazungumzo hayo yananishinda. Mdogo alishalala mkekani. Mama akamwambia mjukuu wake asogee, akaanza kueleza. Mimi na wifi tukaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kupitia dirisha nilisikia binti akiuliza kuhusu *Muhogo wa Jang'ombe*, wimbo ambao wengi tumeujua kwa sauti ya Bi Kidude. Kwani hapa wanalima muhogo? Mama alicheka mpaka akakohoa. Alimjibu kwa sauti ya chini, sikusikia, na sijauliza. Kwenye taarab muhogo unaweza usiwe muhogo. Wazee wetu walisema mambo mazito mbele ya watoto miaka yote kwa njia hiyo, mtoto akaelewa siku yake ilipofika.

Kesho yake tulikwenda Ngome Kongwe, jirani na Beit al-Ajaib, ile iliyoporomoka sehemu Desemba 2020. Ngome ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa. Ndani kuna ngazi za mawe zilizopangwa nusu duara kuzunguka jukwaa. Hapo tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionyesha filamu usiku chini ya nyota, na hapo Bi Kidude aliimba kwenye Sauti za Busara. Mchana ule hapakuwa na mtu jukwaani ila paka wawili. Mdogo alikimbia juu na chini mpaka akaanguka. Binti alisimama katikati ya jukwaa, akapiga kelele moja, akasikiliza inavyorudi.

Tulipokuwa tunakula urojo akaniuliza Bi Kidude yuko wapi sasa. Nikamwambia alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Akahesabu akaona yeye alikuwa hajazaliwa. Akanyamaza, kisha akauliza nani alimrekodi bibi.

Nikamwambia Bi Kidude ana santuri na filamu. Akasema hapana, bibi yetu.

Hakuna aliyemrekodi. Mama aliimba lelemama Tanga na wenzake alipokuwa msichana, hilo tunalijua sote, na kwa miaka yote hiyo hatuna hata dakika moja. Baba yangu naye alipiga fidla. Alipokufa tulibaki na fidla yenye nyuzi mbili.

Usiku binti alileta simu. Mama alikataa. Alisema hataki sura yake izunguke kwenye simu za watu, na kwamba nyimbo nyingine haziimbwi mbele ya wanaume. Nadhani ana haki. Wazee wengi wamepigwa picha na watu wasiowaomba ruhusa wala kuwarudishia nakala. Binti hakubishana, jambo ambalo nyumbani ni nadra. Aliuliza: sauti tu je? Bila sura, bila kuweka *status*, na wimbo auchague bibi mwenyewe?

Mama aliomba ndoo. Akaipindua, akaibana kwa magoti, akaanza kupiga kwa viganja. Wifi alidakia kiitikio, kumbe anaujua. Tulipata dakika nne, na katikati jogoo wa jirani aliwika kwa nguvu.

Binti alitaka kumkata jogoo kwa programu. Mama akataka kwanza asikilize mwenyewe. Aliweka simu sikioni, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ndoo imenikosea," akasema. "Leta ile sufuria kubwa, turudie."